Flashi ya Bei Chee Inavyoweza Kukufutia Kumbukumbu za Shamba

Somo la leo halihusu mbolea wala chanjo, lakini linagusa mfuko wako vilevile. Tunaongelea flashi, memori kadi na diski za nje za bei chee, zile tunazonunua barabarani halafu tunazikabidhi kumbukumbu zote za mradi.

Kila siku nawahimiza muandike kumbukumbu, na wengi mmeitikia. Vijana wa Bunju, Mabwepande, Chamazi na Toangoma siku hizi wanaingiza hesabu kwenye Excel. Safi sana. Ila kumbukumbu zikikaa sehemu moja tu, na sehemu yenyewe ni feki, ni sawa na hujaandika kitu.

Chukua mfano wa mfugaji wa kuku wa nyama. Amekuza bechi sita, na kila bechi ameandika idadi ya vifaranga, mifuko ya chakula, vifo, uzito na bei ya kuuzia. Anataka mkopo, benki inataka kuona mzunguko wake. Anachomeka flashi: majina ya mafaili yapo yote, akibonyeza hayafunguki. Hapo kapoteza zaidi ya mkopo. Hajui tena kuku wake anakula kilo ngapi za chakula ili aongezeke kilo moja, kwa hiyo hata bei ya kuuzia anakisia.

Flashi feki inadanganyaje?

Unalijua tenga la nyanya lililopangwa kijanja: za juu nyekundu na ngumu, za chini zimeoza. Flashi feki iko hivyo. Ndani ina chipu ndogo, tuseme ya GB 16, lakini imepangwa iiambie kompyuta kwamba ina TB 2. Kompyuta inaamini inachoambiwa. Mafaili ya mwanzo yanakaa vizuri, ndiyo maana unaipenda. Nafasi halisi ikiisha, mafaili mapya yanaandikwa juu ya yale ya zamani au yanapotea kabisa. Orodha ya majina huwa imehifadhiwa pembeni, ndiyo maana majina unayaona wakati ndani hamna kitu.

Dalili za kuangalia

1. Bei na ukubwa haviendani. Kifaa halali cha TB 2 ni laki kadhaa. Ukiuziwa kwa elfu ishirini, jiulize muuzaji anapata faida wapi.
2. Jina la kampuni limekosewa herufi, au maandishi ya kwenye boksi yamefifia. Majina makubwa kama SanDisk na Kingston huigwa sana.
3. Muuzaji hana duka la kudumu, hatoi risiti wala warantii. Ukirudi kesho humkuti.

Angalizo: flashi halali ya GB 32 ikionyesha kama 29 kwenye kompyuta, usigombane na mtu. Hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu.

Jinsi ya kupima

Muuzaji akikuchomekea dukani na kukuonyesha ukubwa, hicho siyo kipimo, maana uongo wenyewe uko hapo hapo. Kipimo ni kuijaza yote kisha kusoma ulichoandika. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, na kwenye Linux na Mac kuna F3. Zinafanya kazi hiyo na kukupa jibu. Pima flashi ikiwa bado tupu. Inaweza kuchukua saa kadhaa, iache usiku. Ukikosa programu, ijaze filamu mpaka mwisho, halafu fungua zile za mwisho na za mwanzo, uangalie kama zinacheza mpaka kuisha.

Kwani unahitaji TB 2 za nini?

Hapa ndipo wengi tunapigwa. Mafaili ya Excel ya mwaka mzima ni MB chache tu. Hata ukiongeza picha za majani yenye ugonjwa na risiti za pembejeo, flashi halali ya GB 32 inakutosha muda mrefu. Afadhali ndogo ya kweli kuliko kubwa ya uongo. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Halafu, hata flashi halali hufa. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi inayokaa kabatini, na moja nje ya nyumba kabisa, mfano Google Drive, ambayo inatoa GB 15 bure. Flashi unayozunguka nayo steshenari kuprinti isiwe ndiyo ya kutunzia kumbukumbu, virusi vya huko unavijua.

Ukiuziwa feki

Dai risiti ya EFD siku ya kununua, ndiyo silaha yako ukirudi dukani. Masuala ya bidhaa bandia yanasimamiwa na Tume ya Ushindani, yaani FCC, peleka taarifa huko. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA ilivyozima simu bandia? Simu ina namba yake ya IMEI, ikatambulika. Flashi haina namba ya namna hiyo. Hakuna atakayekuzimia wala kukushtua, mkaguzi ni wewe mwenyewe, kama unavyokagua lebo ya TOSCI kwenye pakiti ya mbegu kabla ya kulipa.

Kazi ya wiki hii: toa flashi yako, fungua mafaili ya bechi au msimu wa kwanza na ya mwisho. Yakifunguka, tengeneza nakala ya pili leo leo. Yasipofunguka, kaa na daftari uandike upya unachokumbuka kabla hujasahau. Kazi njema.