Amplifaya ya Vali Ihanda: Soketi Kwanza, Risasi Baadaye

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu amplifaya za vali umelenga wapiga roki. Wao wanataka mkwaruzo. Gitaa lingurume hadi noti zishikane. Gitaa la kwaya la huku Karagwe, mkoani Kagera, halitaki hivyo, na solo la dansi halikutaka hivyo tangu enzi za bendi za Western Jazz na Morogoro Jazz. Hapa kila noti inatakiwa isikike peke yake, na msikilizaji aliyekulia kwenye enanga, ala yetu ya nyuzi, atagundua mara moja ikichafuka. Kwa hiyo kama usharika wenu umepata amplifaya ndogo ya vali, tuseme Epiphone Valve Junior ya wati 5 au Fender Blues Junior ya wati 15, nusu ya marekebisho yanayosifiwa yatakupeleka usikotaka kwenda.

Kabla ya kufungua chochote, chukua mita upime soketi. Umeme wetu unapaswa kuwa volti 230, hezi 50. Kwa miaka mingi Kagera ililishwa kutoka Uganda kwa laini ya Masaka hadi Kyaka, na aliye mwishoni mwa laini anajua taa zinavyofifia saa moja jioni. Vali inawashwa na volti 6.3 zinazotoka kwenye transfoma hiyohiyo. Soketi ikishuka hadi 190, zile 6.3 zinakuwa 5.2 hivi, chini ya 5.7 ambayo ndiyo mpaka wa kawaida. Sauti inalegea, besi inakosa mshiko, na fundi anaanza kulaumu kapasita zisizo na kosa. Pima mchana, pima tena jioni wakati wa mazoezi. Ukiona tofauti kubwa, stabilaiza nzuri itakufaa kuliko kipuri chochote. Na kama mashine ilitoka Marekani, soma kibao cha nyuma: ikiandikwa volti 120, lazima ipitie transfoma ya kushusha, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa hapo. Transfoma iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee hupata joto zaidi kwenye hezi 50, kwa hiyo usiifungie kabatini.

Halafu spika. Mimi naamini hapa ndipo pesa ya marekebisho inapotakiwa kwenda. Spika ya desibeli 100 kwa wati moja, ukiilinganisha na ya desibeli 94, inakupa sauti ambayo ile ya pili ingehitaji wati mara nne kuifikia. Wati zako 5 zinafanya kazi ya 20 bila kugusa waya wa ndani. Tafuta spika ya gitaa ya inchi 12. Ya gari au ya muziki wa ukumbini haifai, maana spika ya gitaa hukata sauti kali za juu ambazo kwenye gitaa ni makelele tu. Omu zilingane na zilizoandikwa kwenye tundu la amplifaya. Na usiwashe kamwe amplifaya ya vali bila spika: transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na kupata nyingine huku ni kazi.

Vali yenyewe inabadilishwa kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa na kupoa. Ile ndogo ya kwanza, karibu na tundu la gitaa, huwa 12AX7 (Ulaya wanaiita ECC83), yenye kipimo cha ukuzaji 100. Weka 5751, yenye 70, au 12AY7, yenye 45 hivi. Miguu ni ileile, tundu ni lilelile. Volumu utaizungusha mbali zaidi, lakini noti zitabaki safi pale ambapo zamani zilianza kukwaruza. Kwa aliye Ihanda, hapa Karagwe, Kampala ni karibu kuliko Kariakoo, kwa hiyo ulizia kwa wanaovuka mpaka wa Mutukula kabla ya kuagiza mbali.

Kuna mngurumo? Bonyeza uzi mnene wa E kwenye kizuizi cha tatu. Noti hiyo ni G, hezi 98. Mngurumo ukifanana nayo, ni hezi 100, na dalili zinaelekeza kwenye kapasita kubwa za kuchuja umeme, ambazo hukauka kwa umri. Ukiwa chini zaidi, oktavu nzima, ni hezi 50: chunguza ethi, waya wa gitaa na nyaya za kuwashia vali. Asikudanganye mtu kwamba dawa ya mngurumo ni kukata mguu wa ethi. Huo mguu ndio unaomlinda mpiga gitaa aliyeshika nyuzi za chuma huku mdomo uko kwenye maikrofoni.

Sasa ndiyo ufungue, na ufungue kwa woga. Ndani mna volti 250 hadi 400 na zaidi, na kapasita huzishika hata baada ya kuchomoa waya. Funga rezista ya kilo-omu 100, wati 2 au zaidi, kati ya kapasita kubwa na chasi, uiache nusu dakika, kisha pima kwa mita hadi usome chini ya volti 10. Mkono mmoja ukae mfukoni.

Badiliko dogo lenye faida ni kapasita ya kathodi ya vali ya kwanza. Mara nyingi ni mikrofaradi 22 au 25 sambamba na rezista ya omu 1,500, na inapitisha besi yote. Kwenye kanisa lenye mwangwi besi hiyo inageuka tope na kuzika waimbaji. Weka mikrofaradi 1: ukuzaji unaanza kupungua chini ya hezi 200 hivi, kwa hiyo uzi mnene unapoteza uzito kidogo na solo linabaki wazi. Ukiiondoa kabisa, ukuzaji wa hatua hiyo unapungua karibu nusu, nao ni usafi wa bei ya bure.

Kapasita za kuunganisha hatua moja na nyingine unaweza kuzitoa kwenye televisheni za kichogo zilizokufa. Tafuta zile bapa za plastiki zilizoandikwa 223 (mikrofaradi 0.022) au 104 (0.1), za volti 400 au 630. Zile za mviringo zenye upande hasi usizichukue huko. Nunua mpya, volti zisipungue za zamani, na uzifunge upande sahihi.

Badilisha kitu kimoja, kisha sikiliza mpiga akipiga wimbo mzima. Mara ya kwanza kuwasha, pitisha umeme kwenye balbu ya uzi ya wati 60 au 100 iliyofungwa kwenye mfuatano mmoja na amplifaya. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, endelea kwenye soketi ya kawaida. Ikibaki inang'aa, chomoa. Kuna waya uliogusana mahali, na balbu imeokoa transfoma.