Injini Ndogo na Mwendo Mrefu: Matayarisho ya Gari la Nitro katika Hewa ya Tabora

Misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe katika karne ya 19 haikupangwa kwa kipimo cha mwendo wa siku moja. Burton na Speke walifika Kazeh, karibu na mji wa Tabora wa leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waiache pwani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kwa kawaida kiasi cha kilo 30. Mpagazi wa Kinyamwezi aliweza kuinua uzito mkubwa zaidi, lakini huo ndio ulioweza kubebwa siku baada ya siku. Aidha, kabla ya kuingia Mgunda Mkali, pori lenye maji machache kati ya Ugogo na Unyamwezi, ilibidi maji yahesabiwe mapema.

Kanuni hiyo hutawala chombo chochote kinachotakiwa kufanya kazi kwa muda mrefu: hakitayarishwi kwa nguvu yake kubwa kabisa, bali kwa nguvu kinayoweza kuidumisha. Mfano mzuri kwa somo la fizikia na kemia ni gari dogo la mashindano linaloongozwa kwa redio na kuendeshwa kwa mafuta ya nitro. Katika mashindano makubwa ya magari haya, fainali huweza kuchukua saa nzima, na mafuta huongezwa injini ikiwa inanguruma.

1. Kazi tatu za mafuta

Injini ya gari la aina hii ina ujazo wa sentimita za ujazo 3.5 tu, lakini huweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Mafuta yake ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili. Molekuli ya nitromethani ina oksijeni ndani yake, na kwa hiyo injini huweza kuchoma mafuta mengi zaidi kwa kiasi kile kile cha hewa. Mwako hauwashwi kwa cheche. Plagi ina waya wenye platini ambao hupashwa moto kwa betri wakati wa kuwasha. Baada ya hapo joto la mwako, pamoja na kemia ya platini na mvuke wa methanoli, huufanya waya uendelee kuwa mwekundu.

Mafuta haya hufanya kazi tatu kwa pamoja: huleta nguvu, hupoza injini na hulainisha vyuma. Methanoli inapogeuka kuwa mvuke hufyonza joto karibu mara tatu ya lile linalofyonzwa na petroli ya uzito ule ule. Oili nayo haina njia nyingine ya kufika kwenye pistoni na beringi isipokuwa kupitia kabureta, ikiwa imechanganyika na mafuta.

Basi, sindano ya kabureta ikikazwa mno, mafuta hupungua na hewa huzidi. Gari huongeza kasi kwa muda, na dereva hufurahi. Lakini wakati huo huo injini imepunguziwa kipozaji na kilainishi, na joto lake linapanda. Ndiyo sababu kabureta iliyopimwa kwa mbio za dakika tano haifai kwa mbio za saa moja. Fundi wa mwendo mrefu huyaacha mafuta yazidi kidogo. Dalili yake ni moshi mwembamba wa buluu unaoonekana kwenye ekzosi kila gari linapoongeza kasi. Kichwa cha silinda hupimwa joto mara kwa mara. Injini nyingi za aina hii hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 100 na 120 za Sentigredi.

2. Hewa ya nyanda za juu

Tabora iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 87 ya ile ya pwani. Kwa hiyo, joto likiwa sawa, kila pumzi ya injini mjini Tabora ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya nane kuliko pumzi ya injini hiyo hiyo ikiwa Bagamoyo. Kabureta iliyopimwa Bagamoyo itatoa mafuta mengi kupita kiasi Tabora, na gari litakuwa zito na lenye moshi mwingi. Kinyume chake ni cha hatari zaidi: kabureta iliyopimwa Tabora ikiteremshwa pwani bila kurekebishwa, mafuta hayatatosha, na pistoni huweza kukwama.

Mabadiliko ya namna hiyo hutokea hata bila kuhama mahali. Ichukuliwe kwamba mbio zinaanza saa 9 alasiri, joto likiwa nyuzi 30, na kumalizika saa 1 jioni, joto likiwa nyuzi 18. Hewa ya jioni itakuwa nzito zaidi kwa asilimia 4 hivi. Sindano ambayo haikuguswa sasa inatoa mafuta machache kwa hewa nyingi, ingawa mtu angetarajia kwamba ubaridi wa jioni ungeipumzisha injini. Inafaa basi kuifungua sindano kidogo kadiri jua linavyoshuka.

3. Vumbi

Injini ya sentimita za ujazo 3.5 inayozunguka mara 30,000 kwa dakika ingeweza, kwa hesabu, kuvuta lita 105 za hewa kila dakika, yaani zaidi ya mita za ujazo 6 kwa saa. Wakati wa kiangazi, katika barabara za udongo za Unyamwezi, hewa hiyo hubeba chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko alumini ya pistoni. Chujio la sponji la tabaka mbili, lililoloweshwa oili yake maalum, hunasa chembe hizo. Machujio ya akiba hutayarishwa kabla ya mbio, na mpira unaoliunganisha chujio na kabureta hukaguliwa kwa makini, kwani tundu dogo mahali hapo hulifanya chujio zima lisiwe na maana.

4. Hesabu ya mafuta

Tangi la kawaida la gari hili huchukua sentimita za ujazo 125. Matumizi hupimwa katika mazoezi, si kukisiwa. Ikiwa kipimo kimeonyesha sentimita za ujazo 12 kwa dakika, tangi litatosha dakika 10 na sekunde kidogo. Mafuta yakiongezwa kila baada ya dakika 9, hubaki akiba ya sentimita za ujazo 17. Kwa mbio za dakika 60, gari litaanza na tangi lililojaa na kuongezwa mafuta mara 6. Akiba hiyo ni ya lazima, kwa sababu tangi linapokaribia kuisha huingiza mapovu ya hewa kwenye mpira, na injini huungua kabla haijazimika.

5. Hadhari

Methanoli ni sumu kali. Kiasi cha mililita 10 kikinywewa huweza kupofusha, na mililita 30 huweza kuua. Pia hupenya katika ngozi. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Iwe katika chombo chake chenye maandishi, mbali na watoto. Mwali wake hauonekani kwa urahisi juani. Moto wake mdogo huweza kuzimwa kwa maji mengi, kwa kuwa methanoli huchanganyika nayo.

Baada ya mbio, mafuta yote yaliyobaki katika injini huchomwa na oili hutiwa ndani, kwani methanoli huvuta unyevu na mabaki ya nitromethani yana asidi ambayo huleta kutu kwenye beringi.

Kila safari ya gari iandikwe katika daftari: saa, joto la hewa, joto la silinda, mafuta yaliyotumika na mahali sindano ilipowekwa. Mwanafunzi atakayefanya hivyo atakuwa amejifunza pia jambo linalohusu pikipiki ya kabureta na mashine ya kusaga, kwa maana nazo huvuta hewa ile ile nyepesi na vumbi lile lile.