Sahani ya ndege bustanini: masika na kiangazi
Ukiona mtama umebaki sahanini siku tatu mwezi Mei, hapa Arusha au Nairobi, usidhani ndege wamekususa. Nyasi zinazaa mbegu kila mahali, na kwera wana makinda ya kulisha wadudu. Punguza: gao moja asubuhi latosha. Mtama uliolowa huota ukungu upesi, nao huwadhuru ndege. Mwaga, sugua sahani, anika juani.

Msimu huo fumbwe dume huota mkia mrefu kuliko mwili wake, na kiburi humpanda. Kandege kadogo kuliko shomoro, lakini hufukuza hata tetere! Dawa yake ni sahani ya pili nyuma ya nyumba, ili asiweze kuzilinda zote mbili.

Kuanzia Julai hadi mvua za vuli, maji huvuta ndege kuliko nafaka. Beseni la kina cha vidole viwili, jiwe katikati, lijazwe upya kila siku. Shorewanda na pasa watafuata kipande cha papai lililoiva.

Mbayuwayu wanaowasili kutoka Ulaya kati ya Septemba na Oktoba hawataigusa sahani yako. Hudaka wadudu hewani. Kwao, acha tu kupulizia bustani dawa.