MAMA ALIYETIBIWA KWA MIONZI YA NDANI



Leo tujifunze kumtunza mama aliyerudi kijijini baada ya kutibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Kutoka kwetu Bombo, mgonjwa huweza kupelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996.

Mionzi ya ndani ni nini?

Mionzi ni nguvu isiyoonekana kwa macho. Huua saratani. Daktari huingiza vyombo maalumu ukeni mpaka kwenye mlango wa kizazi. Mashine hupeleka humo kitu kidogo sana chenye mionzi. Baada ya dakika chache mashine hukirudisha, na vyombo hutolewa.

Je, mama huyu atawadhuru wengine?

Hapana. Arudipo nyumbani hana mionzi mwilini. Ale na wenzake. Apakate wajukuu. Tusimtenge.

Madhara yake ni yapi?

Kibofu kiko mbele ya kizazi. Utumbo wa haja kubwa uko nyuma. Mionzi huweza kuvigusa vyote viwili.

Mwanzoni mama huchoka, huharisha, au mkojo humuuma. Mara nyingi hali hii hupungua baada ya wiki kadhaa.

Madhara mengine huja baada ya miezi, au hata miaka:

1. Damu katika haja kubwa.
2. Damu katika mkojo.
3. Mkojo au kinyesi kuvuja ukeni.
4. Uke kubana, na tendo la ndoa kuuma.

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Damu ya haja kubwa hudhaniwa bawasiri. Damu ya mkojo hudhaniwa kichocho. Mkojo ukivuja, husemwa mama amelogwa. Tena, saratani ikirudi nayo huweza kutoa damu. Ni lazima mama apimwe.

Tufanye nini?

Akiona dalili hizi, aje zahanati mapema na karatasi zake za hospitali. Aeleze kwamba alipata mionzi, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Asiweke dawa za majani ukeni. Asikose tarehe za kupimwa, hata akijiona mzima. Uke ukibana, aseme bila aya. Hospitalini kuna njia ya kumsaidia. Nawe bwana, mvumilie mkeo, umsindikize.

Maswali

1. Kwa nini si haki kumtenga mama huyu?
2. Taja dalili tatu za kumpeleka zahanati.
3. Afike na nini?

Mganga Msaidizi, Bombo, Same