Mbwa Akijikata: Huduma ya Kwanza Nyumbani

Mbwa wa ulinzi hujikata kila mara: seng'enge anaporuka ua, ncha ya bati, kigae cha chupa jalalani. Mkato mdogo ulioishia kwenye ngozi unaweza kuutibu mwenyewe. Ila kabla hujamgusa, jiulize ameumizwa na nini. Kama ameng'atwa na mnyama mwingine, anza na sehemu ya mwisho ya kijitabu hiki.

Kumshika

Mbwa mpole naye huuma akiwa na maumivu. Mfunge mdomo kwa ukanda wa kitambaa: zungushia juu ya pua, pitishia chini ya kidevu, kafungie nyuma ya masikio. Usimfunge iwapo anatapika au anahema kwa shida. Mmoja amshike, mwingine atibu. Watoto wakae mbali.

Damu na kuosha

Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi dakika 5 mfululizo. Usifunue kuchungulia, maana unabandua damu iliyoanza kuganda. Ikiwa bado inatoka baada ya dakika 10, au inaruka, endelea kukandamiza huku mkienda kwa daktari wa mifugo.

Kazi kubwa ni kuosha, na hapa ndipo wengi wanafanya haraka mno. Chemsha maji, yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita. Punguza manyoya kuzunguka jeraha kwa mkasi uliopakwa mafuta ya mgando, ili yanate kwenye mkasi yasiingie kidondani. Toboa kifuniko cha chupa safi, jaza maji yale, kamua mpaka mchanga wote utoke. Nyayo zina mikunjo. Panua vidole uangalie vipande vya kioo. Ukipenda, malizia kwa iodini iliyozimuliwa kwa maji hadi ifanane na chai nyepesi ya rangi.

Usitie spiriti, mafuta ya taa, oili chafu wala maji ya betri: vinaunguza nyama inayojaribu kupona. Usimpe parasetamoli, ibuprofeni wala diklofenaki, kwani dawa hizi za watu zinaweza kumuua.

Siku zinazofuata

Wapo wanaosema ulimi wa mbwa ni dawa. Sivyo: mdomo wake una vijidudu, na kulamba hufumua jeraha. Ndoo ndogo ya plastiki iliyokatwa kitako, kingo zikiwa zimelainishwa kwa kitambaa, inatosha kumvisha shingoni.

Kagua kidonda asubuhi na jioni. Nzi akitaga mayai leo, kesho unaweza kukuta mabuu. Uvimbe, usaha, harufu mbaya au kukataa chakula ni safari ya kwa daktari. Mkato unaoachama usingoje kesho. Kushona kunafaa zaidi ndani ya saa chache.

Akiwa ameng'atwa

Tundu dogo la jino linaweza kuficha nyama iliyochanika ndani. Hilo ni la daktari. Kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Vaa glavu, au mifuko ya nailoni mikononi, kisha nawa kwa sabuni. Mwambie daktari ili aamue kuhusu chanjo na uangalizi. Mtu akiumwa, akikwaruzwa, au mate yakigusa kidonda chake, aoshe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu huua karibu kila aliyeupata.

Mbwa achanjwe akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Kadi yake iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, ili siku ya jeraha isitafutwe.