SOMO LA UJENZI: MWIKO UNAOFAA KWA VIGAE VYA BAFUNI



Katika toleo hili tunajifunza juu ya kifaa kidogo kinacholinda fedha nyingi: mwiko wenye meno wa kupakia gundi ya vigae (marumaru) ukutani.

Kwa nini meno?
Mwiko wa kupigia lipu haupimi unene wa gundi. Mwiko wenye meno huacha matuta ya kimo kimoja. Kigae kikibonyezwa, matuta hulala, hewa hutoka, na gundi hushika mgongo wote. Fundi akiweka madonge matano tu, nyuma hubaki uwazi. Maji hupenya na kutuama humo, gundi huachia, na mwisho kigae huanguka. Katika bafu la wodi ya wazazi, kigae hicho chaweza kumwangukia mama aliyetoka kujifungua.

Meno ya ukubwa gani?
1. Vigae vidogo sana, vya sm 2 hadi 5: meno ya pembe tatu, mm 4 hadi 5.
2. Vigae vya sm 15 x 15 hadi sm 20 x 30: meno ya mraba, mm 6.
3. Vigae vya sm 30 x 30: meno ya mraba, mm 8.
4. Vigae vya sm 30 x 60: meno ya mraba, mm 10, na gundi nyembamba ipakwe pia mgongoni mwa kigae.

Hivi ni vipimo vya kuanzia. Maelezo ya kwenye mfuko wa gundi yafuatwe.

Namna ya kutumia
Mwiko ushikwe kwa nyuzi 45. Ukilazwa zaidi, matuta huwa mafupi. Matuta yote yaelekee upande mmoja. Fundi apake eneo dogo kwa wakati. Gundi isiponata tena kwenye kidole, ikwanguliwe na kupakwa upya.

Kamati ikague nini?
Kabla gundi haijakauka, mwombeni fundi abandue kigae kimoja, mtazame mgongo wake. Viwango vya Marekani hudai gundi ishike asilimia 95 katika sehemu zenye maji, na 80 katika sehemu kavu. Ikipungua, chukueni mwiko wenye meno makubwa zaidi. Meno nayo huchakaa; yapimeni kwa rula kabla ya kazi.

Mwiko mpya ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kubomoa na kujenga ukuta upya. Basi uandikwe katika bajeti tangu mwanzo, kama anavyofanya mjenzi mwenye busara wa Luka 14:28, anayeketi kwanza na kuhesabu gharama.

Maswali ya kujadili
1. Vigae tulivyonunua vina ukubwa gani, na fundi wetu ana mwiko upi?
2. Nani kati yetu atakuwepo siku ya kwanza ya kazi ili kukagua?