SOMO: MASHINE IKIKATA MSHAHARA BILA KUTOA PESA



Tangu mwaka 2015 sheria ya Qatar inawataka waajiri walipe mishahara kupitia benki. Basi kwa ndugu zetu wengi walioko huko, kadi ya benki ndiyo mlango wa mshahara. Mashine ikikata pesa katika akaunti bila kuzitoa, tufanye hivi:

1. Tusirudie kutoa, kwanza tutazame salio.

2. Tuandike tarehe, saa, kiasi na mahali mashine ilipo. Risiti tuitunze.

3. Tulalamike kwa benki iliyotoa kadi, hata kama mashine ni ya benki nyingine. Tudai namba ya malalamiko.

Namba ya siri tusimpe mtu yeyote, hata msimamizi. Bila maandishi, madai yetu ni maneno matupu.